Nani Amekanyaga Paa Langu

Mimi ndiye niliyempeleka. Wacha nianze hapo, kwa sababu watu wa kwetu wakisimulia habari za mdogo wangu huanzia mgodini, na mgodini si mwanzo. Mwanzo ni banda la video pale sokoni Rodi Kopany, Jumapili moja mchana, yeye akiwa darasa la tatu na mimi nikiwa msichana wa kidato cha pili niliyejiona mtu mzima. Sisi ni Wasabato, na mama hakutaka hata kusikia neno video. Lakini Jumapili ile alikuwa shambani, na mimi nilikuwa na ufunguo wa nyumba na kichwa kigumu.

Filamu ilikuwa ya katuni. Familia moja, baba na mama na watoto, wote wana nguvu za ajabu, wanapigana na wabaya halafu wanarudi nyumbani kugombana mezani kama sisi. Ilikuwa ya Kizungu, kwa hiyo jamaa wa banda alisimama kando ya televisheni na maikrofoni akaitafsiri kwa Kiswahili na Kijaluo, akitia chumvi anapotaka. Mdogo wangu alisinzia karibu filamu nzima. Mwishoni kabisa, familia imeshashinda na watu bandani wanapapasa chini kutafuta viatu vyao, ardhi ikapasuka kwenye kioo. Likatoka jitu nene lenye macho madogo ya fuko, kofia ya chuma yenye taa kichwani, limepanda mashine kubwa ya kutoboa miamba. Lilikuja kuwapiga watu wote vita, na lilivyokuwa linajisifu, ungeshindwa kuliogopa. Jamaa wa banda akanguruma: "Nani amekanyaga paa la nyumba yangu?"

Banda zima likaangua kicheko. Mdogo wangu hakucheka. Alisimama juu ya benchi, mdomo wazi, na filamu ikaisha papo hapo.

"Halafu?" akaniuliza.

"Halafu nini? Imeisha."

"Haiwezi kuisha. Ndio ametoka!"

Yawa, mtoto yule alinisumbua njia nzima. Watoto wengine walitaka kuwa yule baba mwenye misuli, au yule mtoto anayekimbia kama upepo. Wangu alitaka kuwa adui. Wiki hiyo hiyo aliingia kwenye shimo la choo kipya ambalo baba alikuwa hajalimaliza, akavaa sufuria kichwani, akamsubiri mama apite na ndoo ya maji. "Nani amekanyaga paa la nyumba yangu?" Mama akaitupa ndoo. Alipomkamata alimuuliza nani amemfundisha ujinga huo, naye akanitaja bila hata kuchapwa. Viboko vyake nilipigwa mimi.

Kwenda mgodini hakwenda kwa sababu ya katuni, msinielewe vibaya. Alienda kwa sababu alimaliza shule akakaa, na kukaa kukamchosha. Akapata mtoto wa kike, mama wa mtoto akaolewa kwingine, mtoto akabaki Rodi kwa nyanya yake, mama yetu, na yeye akashuka upande wa Nyatike kuchimba dhahabu kama vijana wengine. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshapata kibanda changu cha mitumba sokoni Migori. Nilimwambia aje anisaidie kuuza. Akanijibu, "Sista, mimi na masidiria ya watu wapi na wapi?" Akacheka mpaka wateja wangu wakacheka naye. Siku ya kwanza aliponunua kofia ya plastiki na tochi ya kichwani, alinitumia picha akiwa amekodoa macho na kutoa meno. Alikuwa amelipata jitu lake. Nilicheka, na picha nikaihifadhi.

Sehemu ya pili ya filamu ile tuliitazama kwenye simu yangu, kibandani, mvua ikituzuia kufunga. Alikuwa ameingoja tangu utoto. Jitu likaonekana mwanzoni tu, likaiba benki, likazama ardhini na mashine yake, na basi. Filamu ikaenda zake na mambo mengine. Yeye akangoja mpaka majina ya mwisho yalipopita.

"Hawakumtafuta," akasema.

"Nani?"

"Huyu wa chini! Ametoroka, na hakuna hata mmoja aliyesema twende tukamtafute. Filamu nzima, sista! Wamemsahau kabisa."

Alikasirika kweli, mtu mzima mwenye ndevu. Nikamwambia ni katuni, aache upuzi. Akachukua mwavuli wangu bila kuniuliza, akaenda.

Sasa nieleze mambo ya kamba, maana bila kamba hamtanielewa.

Shimo lao lilishuka wima, refu kuliko kisima cha kwetu mara nyingi, halafu chini likakunja na kufuata mwamba kwa upande. Juu palikuwa na winchi ya mbao na mtu wa kuizungusha. Mtu wa juu akitaka kujua kama wa chini yuko salama, anavuta kamba mara mbili. Wa chini naye anavuta mara mbili. Akivuta tatu, apandishwe. Hiyo ndiyo sheria, na wote waliifuata isipokuwa mdogo wangu. Yeye akiitwa hajibu. Anawaacha wa juu waingiwe na wasiwasi, anasikika akigonga mwamba kwa nyundo, du, du, du, kama mashine inakuja, halafu kimya. Wakati mwingine alipanda mwenyewe kwa vikanyagio vya mbao, taratibu, taa imezimwa, mpaka mdomoni mwa shimo. Ndipo anawasha taa na kunguruma maneno yake. Mwenye winchi alimtukana mara ngapi sijui. Lakini mgodi ni mahali pagumu, watu hawana kicheko kingi, na yeye alikuwa akiwaletea. Wakamzoea. Mtu akivuta kamba isijibu, wanasema, "Ni yule," wanaendelea na chai.

Jumapili moja ya likizo ya Agosti nilimchukua binti yake kutoka Rodi nikampeleka kumwona baba. Alikuwa na miaka saba. Alishasimuliwa mchezo huo mara mia kwenye simu na alikuwa na shida moja tu duniani, kuogopeshwa. Tulipofika, mchimbaji mwenzake na baba yake alikuwa amepanda kula, yeye amebaki chini peke yake. Mwenye winchi akapiga kelele shimoni, "Mgeni wako amekuja!" Kutoka chini tukamsikia akijibu, sauti imefifia lakini ni yake: "Mwambie ajitayarishe!"

Hilo ndilo neno lake la mwisho ninalolijua.

Mtoto akasimama pale wanaporuhusiwa wageni, mikono kwenye masikio, macho ameyafumba nusu, anatetemeka kwa furaha. Tukangoja. Ikasikika du, moja tu, nzito, kama gunia la mahindi limedondoka chumba cha pili. Mwenye winchi akageuza kichwa. Akashika kamba, akavuta mara mbili. Kamba haikujibu. Akaniangalia mimi, na ninakumbuka uso wake ulivyokuwa, alikuwa ananiuliza. Akasema, "Hiyo sijaipenda. Nishuke?"

Nikasema, "Mwacheni. Anacheza."

Nilisema hivyo. Hakuna mwingine aliyesema. Nikaongeza na kicheko juu, nikasema mimi ninamjua huyu tangu akiwa na sufuria kichwani, ukishuka utamharibia. Mtu yule akaiachia kamba. Nikanunua andazi kwa mama aliyekuwa akiuza pale, nikalikata, nusu nikampa mtoto, naye akakataa kwa sababu hakutaka kutoa mikono masikioni. Nikala langu nikamaliza. Nikala na lake.

Vumbi ndilo lililotuambia. Lilipanda polepole kutoka shimoni, jekundu, likatua kwenye viatu vyetu.

Sitaeleza sana yaliyofuata. Wanaume walishuka wakakuta pale shimo linapokunja pamejaa mawe. Walichimba kwa zamu, siku ile na siku zilizofuata, wengine kwa mikono mitupu, na mtu asiniambie wachimbaji ni watu wa ovyo, niliwaona. Walivuta kamba kila saa. Siku ya tatu mmoja alisema amesikia kugongwa, tukapiga mayowe na kumshukuru Nyasaye, wakaongeza kasi, kumbe ni jiwe. Maji yakaanza kuingia. Wakaja maofisa, wakatazama, wakasema ardhi imelegea na hawatakubali watu wengine wafe kwa ajili ya mtu mmoja. Walisema ukweli. Niliwachukia na bado ninawachukia. Wiki ya pili wakaleta udongo wakafukia mdomo wa shimo ili mifugo na watoto wasitumbukie, na mgodi ukahamia ng'ambo, hatua kama mia mbili. Watu walikuwa na njaa, wakarudi kazini.

Nilisimama pale nikasikia winchi mpya ikilia, na ndipo nikamkumbuka kibandani kwangu, mvua inanyesha, amekasirika kwa ajili ya katuni. Hawakumtafuta. Wamemsahau kabisa. Nikakaa chini juu ya udongo ule, kwa nguo zangu nzuri. Ningekuwa na nguvu ningeufukua kwa meno.

Kwetu mtu hawezi kuachwa bila kaburi nyumbani. Aliyepotea ziwani, au popote ambapo mwili haukupatikana, huzikiwa tunda la mvungunya, lile refu na zito linaloning'inia kama mkono, ambalo Kijaluo tunaliita yago. Linalazwa kaburini badala ya mtu, linaliliwa, linafukiwa, na mambo yanakuwa yameisha. Mama alikataa. Alikaa kwenye mkeka siku nne akisema, "Mimi sikuzaa tunda." Mchungaji wetu naye hakupenda mambo hayo ya mila, akaomba nje ya boma akaenda zake. Mwishowe wajomba wakaamua, mama akachoka kukataa, na tunda likaletwa kutoka ng'ambo ya mto limefungwa kwenye shuka. Lilikuwa na urefu wa mtoto mchanga. Binamu wawili walilibeba kwa unyenyekevu wote, na nilitaka kucheka, Mungu anisamehe, kwa sababu yeye angecheka mpaka akaanguka.

Mama alikuwa bado hajui nilichosema. Hajui mpaka leo. Anaamini shimo liliporomoka na mwenye winchi akasitasita mwenyewe kushuka. Mwenye winchi alikuja mazishini, akakaa nyuma, hakunitaja. Alisema tu kwa watu kwamba alichelewa kushuka, akaubeba mzigo wangu mbele ya mama yangu, na mama akamwambia, "Mwanangu, si kosa lako." Nilikuwa nimekaa katikati yao. Nikainamisha kichwa nikautazama mkeka.

Watu wengine watakuambia mwamba ulimuua palepale, kwamba hata angeshuka mtu asingekuta kitu. Inawezekana. Pia inawezekana alikuwa hai upande wa pili wa yale mawe, anavuta kipande chake cha kamba mara tatu, mara tatu, mara tatu, na dada yake yuko juu anakula andazi. Sijui. Na nikijua sitapona.

Wakafukia. Wajomba wakapandisha tuta, wakalishindilia kwa miguu kama inavyofanywa, wanakanyaga huku na huku, na mimi nilisimama nikingoja lile swali litoke chini. Nani amekanyaga paa la nyumba yangu? Miguu kumi inakanyaga, na hakuna anayeuliza.

Watu walipoanza kuondoka kwenda kula, binti yake alikuwa bado amesimama pembeni ya tuta. Wiki zote zile alikuwa hajaniuliza kitu chochote kuhusu siku ile. Hakumwambia nyanya yake maneno niliyoyasema, na aliyasikia, alikuwa karibu nami kuliko mtu yeyote. Nilimwendea nimshike mkono. Nikaona ameweka mikono masikioni, macho ameyafumba nusu, vilevile.

"Twende, mama," nikamwambia.

Akatikisa kichwa. Hakulia. Alisema polepole, kwa adabu, jinsi mtoto anavyomwambia waya, dada ya baba yake, jambo ambalo mkubwa amelisahau.

"Waya, wewe ndiye ulisema anacheza."

"Ndiyo."

"Basi mwambie inatosha. Mwambie nimeshaogopa."

Nikapiga magoti kwenye udongo ule mpya, nikaweka mdomo karibu na ardhi, nikamwambia.