Fundi Kimya na gari linalogonga likiwa limezimwa

Saa nane mchana, jua likiwa kali hata mbwa wamejificha chini ya magari, fundi mmoja amelala kifudifudi kwenye sakafu ya gereji yake, ncha ya mpira wa maji ikiwa sikioni. Ncha ya pili ameiegemeza karibu na gurudumu la mbele la gari dogo jeupe. Gari limezimwa tangu saa nne asubuhi. Injini imepoa, unaweza kuilalia.

Hakuna anayesema neno. Mchomeleaji wa jirani ameombwa apumzike kidogo. Redio imezimwa. Mke wa fundi, anayeuza spea kwenye kontena la mbele, amesimama mlangoni na boksi la plagi mkononi.

Halafu gari linagonga. Ko. Ko. Ko.

"Mara tatu," ananong'ona mwenye gari, mkunga wa miaka hamsini na kitu. "Umesikia, fundi?"

Fundi anaukandamiza mpira sikioni. Vinyweleo vimemsimama shingoni, katika joto lote lile.

Mtaani anaitwa Fundi Kimya, na msidhani ni mtu wa maneno machache. Bwana huyu akianza kukueleza habari za gia utasahau njia ya kwenu. Jina limetokana na amri anayoitoa kila gari jipya linapoingia: "Kimya!" Hashiki spana kabla hajalisikiliza gari likiwa linaunguruma, kisha akalisikiliza tena likiwa limezimwa.

"Wageni hudhani mimi ni mganga," anasema akicheka. "Mmoja aliniuliza kama avue viatu."

Ana miaka hamsini na mmoja. Gereji yake ni ua wenye ukuta na mlango mmoja, paa la mabati juu ya nguzo sita, meza ya chuma na kiti kilichong'olewa kwenye basi kwa ajili ya wateja. Kwa wiki hupata magari matano, yakizidi sana sita. Kwa mwezi mzuri anaingiza theluthi tu ya mshahara aliokuwa akilipwa zamani, alipokuwa fundi kwenye gereji ya kampuni inayouza magari. Huko alikaa miaka kumi na minne, akivaa ovaroli ya kijivu isiyo na doa na kufanya kazi juu ya sakafu nyeupe kama ya hospitali.

Kwa hiyo swali ambalo wenye magari hujiuliza kila siku, wapeleke gari kwa kampuni au kwa fundi wa mtaani, yeye analijibu kama mtu aliyewahi kulala pande zote mbili za kitanda.

"Nawaambia ukweli. Gari likiwa bado na waranti, dhamana ya kampuni, peleka kampuni. Mifuko ya hewa, kompyuta, mambo ya nyaya, peleka kampuni. Wana mashine ambazo mimi sitazinunua hata niuze figo. Ila mashine inasoma palipo na waya tu. Chuma hakina waya."

"Anafukuza wateja huyu," anadakia mkewe kutoka kwenye kontena. "Halafu jioni ananiuliza mbona hatuna mboga."

Mkunga hakuwa na haja ya ushauri huo, maana alishaufuata. Dhamana ya gari lake bado imebakiza mwaka mmoja na miezi minne, na amelipeleka kampuni mara tatu. Mara tatu limeunganishwa kwenye mashine, mara tatu mashine imesema ni zima, na kitabu chake cha sevisi kikagongwa muhuri.

"Kijana wa mapokezi aliniambia, mama, chuma kikipoa hulia. Nikamwambia, mwanangu, hili linalia asubuhi wakati limelala usiku kucha. Akanitazama kama ananionea huruma."

Kilichomleta kwa Fundi Kimya ni jambo la siku iliyotangulia. Aliegesha nyumbani, akafunga mlango, akaanza kuondoka.

"Nikasikia kama kuna mtu ndani anaomba kufunguliwa. Mimi nimezalisha watu miaka thelathini, si mwoga wa vitu vya kijinga. Lakini nilirudi nikaangalia kiti cha nyuma."

Alipoyasema hayo asubuhi ile, fundi alimwomba ayarudie. Akayarudia. Fundi akatoka nje, akasimama juani kwa muda mrefu akiwapa mgongo.

Maneno hayo aliwahi kuyasikia, neno kwa neno. Ni miaka kumi na moja sasa, naye alikuwa bado na ovaroli yake ya kijivu. Aliyeyasema ni dada yake mkubwa, ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Alifika kampuni akiwa na wasiwasi, akasema gari lake linagonga likiwa limezimwa, kama mtu aliye ndani anaomba kufunguliwa.

"Nikaunganisha mashine. Kila kitu kijani. Nikamtania, nikamwambia, dada, gari lako lina afya kukuzidi wewe. Nikagonga muhuri."

Siku kumi na tisa baadaye gari lile liliacha barabara iliyonyooka, mchana kweupe, na dada akafia hapo hapo. Ripoti ilisema mwendo kasi. Ndani ya mwezi mmoja Fundi Kimya alikuwa ameacha kazi.

Tangu hapo, anasema, amesikia mlio huo kwenye magari matatu ya wateja. Wenye magari hawakusikia chochote. Yote matatu aliyafungua, na hakukuta hata mkwaruzo.

"Mimi niliona mume wangu anarukwa na akili," mkewe anasema bila kupepesa. "Nilikuwa nalala naye pale chini, natega sikio, nasikia pumzi zake tu. Nililia sana kipindi kile."

Safari hii, kwenye mlango wa gereji, mkewe amesikia pia. Boksi la plagi analishika kwa mikono miwili.

Sasa kuna tatizo. Ili kuona kinachogonga, lazima ivuliwe kinga ya plastiki iliyo chini ya gari, na juu ya kinga hiyo kampuni imebandika stika. Stika ikichanika, dhamana imekwisha. Mkunga anaamua kuwapigia simu kwanza, anaweka sauti ya juu ili wote wasikie.

"Mama, gari lako ni zima," anasema msimamizi upande wa pili, kwa upole kabisa. "Mashine haikosei. Huyo fundi akigusa stika, sisi hatumo."

Fundi Kimya anatikisa kichwa. "Hayo maneno nilikuwa nayasema mimi," anasema simu ikishakatwa. "Kwa upole huo huo."

Mkunga anamgeukia. "Fundi, una uhakika?"

"Sina, mama. Nimekosea mara tatu. Nikikosea na leo, nimekutia hasara bure, na watu watasema Fundi Kimya sasa amekwisha kabisa."

Mama anakaa kwenye kile kiti cha basi. Anatazama gari lake, gari ambalo kesho yake asubuhi anapaswa kuwapelekea wajukuu wawili shule. Kutoka chini ya gari inasikika tena: ko, ko, ko. Mara hii polepole zaidi.

"Kazini kwangu," anasema hatimaye, "mashine ikisema mtoto ni mzima na mama yake akasema hapana, namsikiliza mama."

Anainuka, anapiga magoti na gauni lake safi, anaingiza mkono chini ya gari na kuichana stika mwenyewe.

"Aliyeichana ni mimi. Haya, fungua."

Kinga inavuliwa, gari linainuliwa kwa jeki na kuwekwa juu ya stendi, gurudumu linatolewa. Fundi anasugua tope kwa brashi ya waya kwenye mkono wa chuma unaolishikilia gurudumu. Anaacha kusugua ghafla. Ufa umeanzia ukingoni na kupita nusu ya upana wake, na ndani yake kuna kutu, maana yake si wa jana wala juzi. Kila gari lilipotulia, uzito wake ulikuwa unaufungua na kuufunga ufa huo. Hakuna waya unaopita hapo.

Anafungua nati ya mwisho na kukibeba chuma hicho kwa mikono miwili hadi mezani. Anakilaza, anarudi nyuma kuchukua kitambaa. Nyuma yake mezani unasikika mlio mmoja. Wanapogeuka, chuma kimekatika vipande viwili, na hakuna aliyekuwa amekigusa.

Mkunga anaomba maji. Anakunywa glasi mbili, kisha analia, na mke wa fundi anakaa naye kwenye kiti cha basi mpaka anapomaliza.

Kampuni imepelekewa picha za vipande hivyo na kuahidi kutoa majibu. Hadi tunakwenda mitamboni ilikuwa haijajibu. Gari limefungwa mkono mpya na halijagonga tena.

Simulizi hii ingeweza kuishia hapo, fundi akapongezwa na kila mtu akaenda zake. Lakini nyuma ya gereji, kwenye ukuta, kuna kitu kimefunikwa turubai la bluu ambacho wateja hudhani ni rundo la vyuma chakavu. Ni gari la dada. Fundi Kimya aliliomba kwa bima, akalikokota hadi pale, akalifunika. Hajawahi kulikagua, wala kuinua hata pembe ya turubai.

"Nikikuta ufa, basi nilimuua dada yangu kwa muhuri," anasema. "Hilo ndilo nililokuwa naliogopa miaka yote. Sasa naogopa nisipokuta. Nisipokuta, ni nini kilikuwa kinagonga?"

Anaomba akute ufa. Anasema anataka kosa lake liwe na umbo, alishike mkononi, kisha aende kaburini kuomba msamaha kwa jambo analolijua. Mkunga amekubali kuja kushuhudia, Jumapili, gereji ikiwa imefungwa.

Mkewe amesikiliza yote haya bila kudakia, jambo ambalo si kawaida yake. Anatazama upande wa turubai, halafu anamtazama mumewe.

"Sikutaka kukwambia," anasema. "Tangu kile chuma kikatike, nikiwa peke yangu kwenye kontena, na mimi nausikia mlio ule. Unatoka huko nyuma."

Fundi Kimya haonyeshi kushangaa. Anajifuta mikono taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Najua," anasema. "Jumapili nitamfungulia."