Kijiji Kinaishia Wapi

Laiti ningekataa siku ile mjomba wa mke wangu aliponiomba niwasemee watu wa kitongoji chao mbele ya wapima mpaka.

Kitongoji kilikuwa cha Wamakua, watu ambao wazee wao walivuka kutoka Msumbiji. Wilaya ya Ruangwa ilipokatwa kutoka ya Nachingwea, kila upande ulisema pale ni pake. Tukaambiwa tusipande mkorosho wala tusijenge hadi mpaka ujulikane. Mimi nilikuwa nimeoa pale, na ndimi pekee niliyefika sekondari.

“Mkwe, tumbo lako tunalilisha kila siku,” mjomba alinitania. “Leo tuazime ulimi.”

Mke wangu hakucheka. “Sema wanachosema wao. Usiongeze chako.”

Mpimaji aliuliza kijiji kinaishia wapi. Mjomba akajibu kwa Kimakua kwamba kinaishia walipolala wazee, ng'ambo ya mto, kwenye mti tunapomwaga unga wa mtama tukiwaomba marehemu. Nikaona aibu kutaja unga na makaburi mbele ya watu wenye ramani.

“Kinaishia mtoni,” nikasema.

Vigingi vikapigwa ukingoni. Mjomba, aliyejua Kiswahili cha sokoni tu, akanishika mkono kunishukuru.

Ng'ambo wakapewa watu wengine. Walilima hadi makaburini, mti ukakatwa, na aliyevuka aliitwa mvamizi. Nyuma yetu yalikuwa mashamba ya watu wa kijiji cha Nkowe. Tukabaki tumebanwa katikati, watoto wanakua na hakuna pa kuwakatia hata ngwe moja ya kulima. Mjomba alipopata habari ya nilichosema hakunigombeza. Aliacha tu kuniita mkwe, akawa ananiita “bwana”.

Miaka ya elfu mbili mke wangu aliugua. Aliomba kitu kimoja, akifa azikwe kando ya mama yake, kule ng'ambo ya mto. Nikavuka kumwomba mwenye shamba, nikamkuta anapalilia.

“Mzee, si wewe uliyesema kwenu mwisho mtoni?” akaniuliza, tena kwa upole.

Tulimzika nyuma ya jiko. Baada ya arobaini mjomba alinifungia mkeka kwenye baiskeli. Kwa desturi yao mume aliyefiwa hurudi kwao na watoto hubaki kwa wajomba, ila mkwe mwema hubembelezwa akae. Mimi hakuna aliyenibembeleza.

Sasa naishi kwetu Ruponda, kwa mdogo wangu. Mke wangu amezikwa mbali na mama yake, nami nitazikwa mbali naye.