Fundi Niliyemponda Mbele ya Wateja

Sisi mafundi wa kompyuta hapa Tabora tuna ugonjwa mmoja: kabla ya kutengeneza chochote, lazima kwanza tumponde fundi aliyetangulia. Juzi Mwalimu Kalunde, mama mstaafu wa Kigwa, aliniletea kompyuta iliyokataa kuhamishia vitabu kwenye kishikwambi chake cha kusomea. Sura yake sikuikumbuka. Mimi ni mtu mkubwa, wateja ni wengi.

Nikakuta programu mbili za kuhamisha mafaili, kila moja na draiva yake ya kuongozea kifaa, zinagombania kishikwambi kimoja.

"Mwalimu, nani alikuwekea uchafu huu?" niliuliza kwa sauti iliyomfikia hadi muuza vitenge wa jirani. "Huyo si fundi, ni kishoka."

"Alinihakikishia kwamba mbili ni bora kuliko moja," akajibu kwa upole.

Wateja wakacheka. Nikanogewa. "Namba yake unayo? Mpigie, nimwelimishe hapa hapa."

Mwalimu akavaa miwani, akaitafuta namba taratibu, akapiga. Simu ikaanza kuita mfukoni mwangu.

"Pokea, mwanangu," akasema. "Mwelimishe."