Ubao wa Maji Rujewa Wazibwa Mapengo, Sasa Wasubiri Msumeno

Umekula wali wa Mbarali mwezi huu, usibishe. Umeusifu harufu, ukaongeza sahani. Lakini ukiambiwa kwamba huko unakotoka mchele huo kuna mama mmoja anapigania peke yake kitu kilichowafanya wakulima na wafugaji wagawane maji bila kuvunjana vichwa, unageuza uso. Unasema hayo ni mambo ya wazee. Leo hugeuki. Kaa hapo usome.

Saa moja asubuhi, Mwanaidi Mrisho anafungua kufuli la ghala kuukuu lililo ubavuni mwa mashine ya kukoboa mpunga, mjini Rujewa. Mashine imeshaanza kunguruma. Vumbi la pumba linapenya chini ya mlango na kutua juu ya kila kitu. Anajifunga mtandio puani, anachukua tambara, anaanza kufuta.

"Nafuta asubuhi, mchana pamerudi palepale," anasema. "Ingekuwa nyumba ya mtu, ningeshaacha kazi."

Ghala hilo ndilo Chumba cha Kumbukumbu, makumbusho madogo yaliyoanzishwa na wenyeji wenyewe. Watoto wa shule wanapaita "kwa mama wa vyungu". Mwanaidi, mjane mwenye miaka hamsini na sita, ndiye mtunzaji, mfagiaji na mlinzi. Posho yake ni elfu hamsini kwa mwezi, pale inapokumbukwa. Kinachomlisha ni vitumbua anavyouza kabla ya kuja kazini.

Ukimpa nafasi, anakutembeza. Sinia la shaba la babu yake, aliyepanda huku kutoka pwani na mizigo ya chumvi na kaniki, akafika bonde hili la Usangu na kusahau kurudi. Jembe lililofuliwa na wahunzi wa milimani, zito kama mtoto wa mwaka mmoja. Kibuyu cha maziwa kilichokuja na familia za wafugaji kutoka kaskazini. Anakizibua, anakuletea puani.

"Nusa. Bado kina moshi. Aliyekifukiza alishakufa, moshi wake upo."

Halafu anafika kwenye ukuta wa mwisho, na sauti inambadilika. Pale umeegemezwa ubao mrefu kuliko kitanda, umepakwa rangi ya kijani inayong'aa, laini toka mwanzo hadi mwisho.

"Na hii," anasema, "ni aibu yetu."

Ubao huo ni wa mninga. Kwa miaka mingi ulilala ukikingama mfereji wa zamani, umeshikwa na mawe mawili yaliyochimbwa mifuo. Kwenye ubavu wake wa juu palikuwa na mapengo matatu. Pengo pana la kushoto lilipeleka maji mashamba ya juu. Pana la kulia, mashamba ya chini. Dogo la katikati lilijaza birika la ng'ombe. Maji yakizidi, kila upande unazidishiwa. Yakipungua, kila upande unapungukiwa. Hakuna aliyesimama pale na fimbo kugombana na mwenzake.

Pengo la tatu halikuwapo tangu mwanzo. Wafugaji walipofika na mifugo yao, msimu wa kwanza watu walipigana. Msimu wa pili wakakaa chini, wakakubaliana, ubao ukalazwa ukingoni, na wafugaji wakaambiwa wachonge pengo lao kwa tezo yao wenyewe, huku kila mtu akiangalia.

Baadaye likajengwa lango la zege. Lango lina milango miwili, mmoja wa mashamba ya juu na mmoja wa mashamba ya chini. Ng'ombe wakasahauliwa. Tangu hapo wanakata mashamba kwenda kunywa mtoni, mpunga unakanyagwa, watu wanatoana ngeu, na nyinyi mjini mnasoma habari hizo na kusema, "Hawa watu hawaelewani." Walielewana! Ushahidi umeegemezwa ukutani, umepakwa rangi.

Ilikuwaje? Mwezi uliopita ilitangazwa kwamba wageni watakuja kutembelea makumbusho. Kamati ya makumbusho ikakurupuka. Mwanaidi hakuwapo, alikuwa Mbalizi kumuuguza binti yake Ruwaida, aliyejifungua kwa upasuaji. Aliporudi alikuta sinia limesuguliwa kwa mchanga hadi maua yake yamefutika, na ubao hauna hata pengo moja. Fundi seremala alikuwa amekata vipande vya mbao mpya, akavipachika, akapiga msasa, akapaka rangi.

Mwanaidi akamfuata mwenyekiti wa kamati, Abdul, mdogo wa marehemu mumewe, dukani kwake.

"Shemeji, mapengo ya ule ubao yako wapi?"

"Mapengo gani? Mbao ilikuwa imeliwa na mchwa. Dastan kaiziba vizuri, hata huoni palipounganishwa."

"Mchwa gani anakula kwa pembe mraba?"

Abdul akacheka. "Wewe nawe! Umeishi na vitu vibovu mpaka kizima kinakuchefua."

Mwanaidi anakumbuka aligeuka na kuondoka bila kuaga, jambo ambalo kwa shemeji yake hakuwa amewahi kulifanya. Na wale wageni? Hawakuja.

Ingekuwa ni uchafuzi tu wa kumbukumbu, pengine ungesema ni bahati mbaya. Lakini Jumatatu ijayo kuna mkutano wa maji. Wafugaji wanaomba lango la zege liongezewe mlango wa tatu. Mzee Nkuba Seni, aliyekuja Usangu akiwa kijana, ndiye atakayesema kwa niaba yao. Wiki iliyopita alifika makumbusho kuutazama ubao kabla ya siku ya siku.

Alipapasa rangi ya kijani kwa kiganja, akaenda mpaka mwisho, akarudi.

"Mayu," alimwita Mwanaidi, kama watu wa kwao wanavyomwita mama. "Baba yangu alichonga hapa. Mimi niliikalia hii mbao isicheze. Sasa iko wapi kazi ya baba?"

Nyuma yao alikuwa ameingia Nashoni, kijana mwenye shamba la juu, aliyekuwa anasubiri mpunga wake mashineni.

"Mzee, mgao wa ng'ombe haujawahi kuwapo," alisema Nashoni. "Milango ni miwili, kila mtu anaiona. Au hilo birika mlikuwa mnalijaza kwa maombi?"

"Ulikuwa hujazaliwa, wewe."

"Ndiyo maana nataka kuona. Nionyeshe, nami nitanyamaza."

Nkuba akaugeukia ubao uliosawazishwa, akaugonga mara moja kwa fimbo yake, akatoka nje.

"Yule kijana si mbaya," anasema Mwanaidi. "Alitaka kuona, basi. Ni sisi tuliomnyima macho."

Na bado hamjasikia lote. Makumbusho yamepata kabati jipya la kioo, zawadi ya mfanyabiashara mmoja. Ubao hauingii. Kamati imekaa, wajumbe watatu kati ya tisa, imeamua Jumamosi hii ukatwe ncha zote mbili ili uenee. Abdul anasema itakuwa "kidogo tu, huku na huku".

Kidogo tu! Mawe mawili ya mfereji wa zamani bado yapo palepale, mifuo yake bado ipo, na kijifereji kikavu cha birika bado kinaonekana kwenye majani. Ubao mzima ukirudishwa hapo, pengo dogo litaangukia kijifereji hicho, na hata mtoto ataona. Ukikatwa, hautashikwa na mawe tena. Utabaki pambo.

Dastan, fundi mwenyewe, hana kiburi. Mwanaidi alimfuata karakana kwake.

"Mama, mimi niliambiwa ziba, nikaziba," alimwambia. "Vile vipande nitaving'oa asubuhi moja. Ila siwezi kuigusa kazi ya kamati bila neno la kamati. Nileteeni neno, msumeno nitauacha nyumbani."

Hilo neno ndilo Mwanaidi analitafuta. Siku wenyeji walipoanzisha chumba hiki waliweka sharti moja: aliyeleta kitu, yeye au mrithi wake, ana sauti sawa na mjumbe wa kamati. Wengi walileta. Wazee wameondoka, watoto wao wametawanyika Mbeya, Mbalizi, Iringa. Kila jioni Mwanaidi anawapigia.

"Mmoja kaniambia yuko kwenye kikao. Mwingine kasema, mama, hivyo vitu bado vipo? Mwingine kanitumia vocha ya simu, eti nisimsumbue tena. Mimi sitaki vocha! Nataka aseme neno moja, msikate."

Sauti zikitosha, mpango wake uko tayari. Jumapili Dastan atang'oa vipande. Jumatatu, kabla ya mkutano, vijana wa Nkuba na vijana wa mashamba ya juu watabeba ubao pamoja hadi mfereji wa zamani, wautumbukize kwenye mawe, na maji yafunguliwe. Nashoni ameshakubali kushika ncha moja. Hakuna atakayehutubia.

"Nataka watu wazima waone maji yakigawanyika wenyewe," anasema Mwanaidi. "Wakishaona, wabishane wanavyotaka."

Sasa ni wewe. Wewe wa Ipogolo kule Iringa, ambaye bibi yako alitoa shanga zake ziwekwe hapo, una sauti na unaikalia. Wewe wa Mbalizi, ambaye baba yako alileta mkuki wake kabla ya kufa, unayo. Wewe mjumbe mmoja kati ya wale sita mliokwepa kikao, unayo mara mbili, kwa sababu ulichaguliwa na ukalala. Na wewe usiye na kitu humo, unamjua aliye nacho. Abdul anafungua duka kila siku na simu yake inapokelewa. Mpigie leo, utaje jina la aliyeleta kitu na kitu chenyewe, useme ubao usikatwe na mapengo yafunguliwe. Usingoje Ijumaa. Weka gazeti chini, piga.