Fundi asiyeona anayesubiri laptop yake iseme

Saa nne asubuhi, fundi ameinamia laptop kwenye meza ya kibanda chake, sikio likikaribia kugusa spika. Vidole vinapita haraka kwenye vitufe, kisha vinasimama. Spika haitoi hata mkwaruzo.

"Imeandika nini?" anauliza.

"Yale yale," anajibu mkewe aliyeketi ubavuni.

"Yale yale yapi, mama watoto? Nisomee."

"Mstari, nukta mbili, namba, halafu maneno ambayo hata aliyeyaandika sidhani kama anayaelewa."

Wanacheka kidogo. Ndicho kicheko pekee kilichosikika kibandani humo asubuhi nzima.

Wateja humwita Fundi Huria. Kwa miaka kumi na miwili amefufua laptop zilizochoka kwa kuziwekea mfumo huria, ule usiolipiwa. Mwaka juzi presha ya macho ikampofusha. Hakuacha kazi. Aliweka programu inayosoma kwa sauti kila kitu kwenye skrini, akawa anatengeneza kwa kusikiliza.

Mwezi uliopita alisasisha mfumo bila kutunza nakala ya zamani, kosa ambalo kila siku huwagombezea wateja. Laptop ikawaka, lakini ikawa bubu.

"Giza nimelizoea," anasema. "Huu ukimya ndio unanimaliza."

Ugonjwa wenyewe anaujua. Laptop ina njia mbili za sauti: ya spika, na ya waya wa televisheni. Zinagombana, na mfumo umechagua isiyo na spika. "Inaongea," anaeleza, "ila inaongea pasipo na mtu."

Dawa ni kuandika amri yenye jina la kadi ya spika, herufi kwa herufi. Jina hilo limejificha kwenye skrini, kati ya mamia ya mistari. Mkewe, ambaye ni mshonaji, huisoma mpaka herufi zinamchezea machoni.

"Najua anaruka mistari," fundi ananong'ona mkewe anapotoka nje. "Simlaumu. Nimekuwa mzigo."

Inauma kumtazama. Mafundi wenzake wamesema mfumo wake hawaujui. Watamfutia wamwekee mwingine, ambao yeye ataanza kujifunza gizani. Wateja nao wameota mbawa. Zamani alipokea laptop kumi kwa wiki. Wiki hii imeletwa moja, na mwenyewe akaondoka nayo. Kaka yake amekwisha pata mnunuzi wa vifaa vyote. Mnunuzi huyo anakuja Ijumaa.

"Ikisema neno moja tu, mengine nitayafanya mwenyewe," fundi anasema mkewe anaporudi kitini. "Huyu naye apumzike."

"Na isiposema?" mkewe anauliza.

Fundi anapapasa mezani mpaka anaupata mkono wake.

"Basi wabebe. Sitakuwa fundi tena. Ila leo siyo Ijumaa. Anza juu, mama watoto. Polepole. Usiniachie hata nukta."

Mkewe anamtazama, anafuta macho kwa kiganja, kisha anasogeza kiti na kuanza mstari wa kwanza.