Siku Nilipopanda Kwenye Kiti Nikamkana Zuhura

Naona aibu kuliandika hili, tena si aibu ile ya kucheka ikaisha, ni ile inayokurudia umekaa peke yako unakunywa chai. Lakini nimeshawasema watu wengi maishani (waulizeni Kariakoo nzima), kwa hiyo leo nijiseme mwenyewe.

Mimi nauza na kushona mapazia. Shule niliishia darasa la nne huko kwetu Lindi, nikaja mjini nikabeba mizigo, cherehani nikajifunza kwa kumwangalia fundi mmoja aliyedhani namsubiria tu anitume, na leo nina fremu yangu ya duka na watu hawajui hata jina alilonipa baba, wananiita Mzee Mapazia. Jina hilo nalipenda. Na mtu akishaitwa hivyo anaona hata nyumba yake mwenyewe ni lazima ionekane imekaa sawa, isiwe na kasoro inayochungulia nje.

Sasa nyumbani, mtaa wa Gerezani, naishi na mjukuu wangu Zuhura, mtoto wa binti yangu aliyeolewa tena Masasi. Yuko kidato cha pili. Mwaka huu alianza kuishiwa pumzi akikaribia geti la shule, jasho linamtoka, mikono inatetemeka, baadaye akaacha kula, akaacha kuongea, akawa anavaa sare asubuhi halafu anakaa kitandani anaangalia ukuta mpaka mchana. Mimi nikasema uvivu. Nikasema simu, nikaichukua simu, hali ikawa ile ile. Nikamnywesha kombe, yale maji ya aya. Mwishowe mwalimu wake wa malezi akaniita, akaniambia polepole kama anayeongea na mtoto, "Mzee, huyu mpeleke kliniki ya afya ya akili ya watoto. Halazwi, anaongea na wataalamu, mnarudi nyumbani siku hiyo hiyo." Nikalisikia neno akili, mengine yote yakanipita.

Zuhura mwenyewe alikataa wiki tatu nzima, na siku aliyokubali alitoa sharti moja tu. "Babu, tuingie wote. Peke yangu sitaweza kusema." Nikamjibu, kwani mimi naenda wapi.

Basi tukapanda bajaji mpaka Upanga (hospitali siitaji, yenyewe haina kosa lolote), tukaandikishwa, tukakaa kwenye benchi la koridoni, na sijamaliza hata kuvuta pumzi naona mbele yangu, benchi la pili, Mama Hawa. Huyu anauza mashuka fremu ya tatu kutoka kwangu, na habari ikimfikia yeye saa nne, saa sita iko Buguruni.

"Shikamoo, Mzee Mapazia. Vipi, unaumwa?"

"Marahaba. Niumwe mimi? Nimekuja kupima madirisha, wanataka mapazia mapya."

"Haya, hongera. Mimi nimepita tu kumwona mgonjwa."

(Begani kwake alikuwa ameegemea binti mwenye sare, amejifunika mtandio mpaka machoni. Nilimwona, sikujiuliza. Mtu anayeficha lake hana nafasi ya kuona la mwenzake.) Mama Hawa hamjui Zuhura kwa sababu mtoto huyu haji dukani, kwa hiyo uongo ukakaa vizuri kabisa. Ila Zuhura aliusikia. Akasogea kidogo kidogo kwenye benchi mpaka ikabaki nafasi ya mtu mmoja kati yetu.

Ningeishia hapo ningekuwa mwongo wa kawaida. Lakini mhudumu mmoja, mama wa makamo mwenye rundo la funguo kiunoni, alikuwa anapita akasikia, akasimama. "Kumbe wewe ndiye fundi wa mapazia? Mzee, tunakusubiri tangu mwezi uliopita, madaktari wanapigwa jua usoni." Nikamtazama yeye, nikamtazama Mama Hawa anayenitazama mimi, nikasema, "Ndiye mimi, foleni tu za mjini."

Akaniletea kiti cha plastiki. Futi kamba haitoki mfukoni mwangu hata nikienda msibani, kwa hiyo nikapanda, nikaanza kupima dirisha la koridoni, na niseme ukweli wangu, nilinogewa. Nikaanza kumsema fundi aliyeshona yale mapazia ya zamani, kwamba pindo lake limekwenda upogo kama linawahi treni, na watu wa benchini wakacheka, na mimi juu ya kiti nikajiona nimerudi Kariakoo kwenye heshima yangu, nimesahau kabisa nilichofuata.

Mlango ukafunguliwa, nesi akaita jina la Zuhura. Zuhura akasimama. Nesi akauliza mzazi wake yuko wapi.

Hakunitazama. Akasema, "Nimekuja peke yangu."

Alinilinda, yule mtoto. Mtu mzima nimedanganya ili nisionekane naye, na yeye ambaye chakula hakijatua tumboni mwake tangu jana yake akaubeba uongo wangu nisiaibike.

"Siku ya kwanza hatuwezi kukuona bila mzazi au mlezi, mwanangu," nesi akasema, wala si kwa ubaya. "Rudi nyumbani, uje naye siku nyingine."

Zuhura akaitikia kwa kichwa, akachukua mkoba wake, akaanza kutembea kuelekea nje. Nikajua akivuka pale mlangoni harudi tena, si wiki ijayo wala mwaka ujao. Nikasema kutoka juu, kwa sauti ile ninayonadia bidhaa, "Dada, huyo ni wangu. Mimi ni babu yake. Nimemleta mimi."

Nikataka kushuka kwa haraka ya kijana, mguu wa kiti ukateleza, nikashika pazia, na pazia likaja pamoja na bomba lake na vumbi lake la miaka, nikajikuta sakafuni nimefunikwa gubigubi. Nilingoja wacheke. Hakucheka mtu, na afadhali wangecheka. Nilipofunuliwa nikamwona Zuhura, amepiga magoti, anakung'uta kofia yangu.

Yule mama wa funguo akauliza, "Sasa wewe ni fundi au ni mzazi?"

"Vyote viwili," nikasema, "ila leo nilikuja kama mzazi."

Tukaingia. Mtaalamu alikuwa dada mdogo kuliko binti yangu, akanipa shikamoo, akamuuliza Zuhura angependa kuanzia wapi. Na neno la kwanza mtoto huyu alilosema mle ndani, baada ya miezi ya kuficha linalomsumbua, lilikuwa hili: "Babu anaona aibu na mimi." Nikafungua mdomo kujitetea (ndiyo kazi ya mdomo wangu), yule dada akaniinulia kiganja taratibu, na mimi, ambaye sijawahi kunyamazishwa na mtu tangu nifungue fremu, nikanyamaza. Zuhura akasema mpaka akalia, akasema tena. Nusu ya mambo hayo yalitokea ndani ya nyumba yangu na sikuwa nayajua.

Tulipotoka, nesi alikuwa anaita jina lingine: Hawa. Mama Hawa akasimama na yule binti wa mtandio, tukapishana mlangoni. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mzee Mapazia, usinitangaze." Mimi niliyetoka kuogopa kutangazwa na yeye. Nikamwambia aingie tu na mtoto, huko Kariakoo tutasemana mengine.

Sasa tunaenda kila baada ya wiki mbili. Hajapona, siwadanganyi, kuna asubuhi bado anakaa na sare kitandani, ila anakula, na shule anafika siku nyingi kuliko asizofika. Nikifunga fremu wakaniuliza naenda wapi, nataja kliniki kwa jina lake. Wapo wanaotazamana. Watazamane. Nimeapa kwamba kazi yangu na jina langu sitavitumia tena kumficha mtoto ambaye hana kosa la kufichwa.

Mara ya mwisho tuliyokwenda, Zuhura aliniambia, "Babu, leo nitaingia mwenyewe. Wewe kaa nje." Iliniuma kidogo, sifichi. Nikakaa kwenye lile benchi, upande wa mlangoni, mahali ambapo kila anayepita lazima anione.