Kope za Mama Mwenye Nyumba

Mwaka 2013 kazi yangu Kasulu ilikuwa kulaza watu. Nilisomea uuguzi wa usingizi, wa chumba cha upasuaji. Kutoka kwetu Muheza nilipangiwa hospitali moja ndogo huko juu kwenye baridi, nikapanga chumba kwa mama mmoja Muha mwenye ulimi usiochoka. Akinitambulisha kwa wageni alisema, "Huyu analaza watu. Ukisinzia mbele yake, shauri yako." Mimi hasira zangu ziko karibu, basi nanuna. Yeye anacheka, kisha ananiletea ugali wa muhogo na maharage. Nilimpenda mno, nikijifanya simpendi.

Asubuhi moja, wakati wa kung'oa maharage, mama huyo aliletwa hospitali kwa pikipiki, mumewe kamshikilia kwa nyuma. Swila, nyoka yule wa kutanua shingo, alikuwa amejificha chini ya lundo la maharage, akamgonga kifundoni mwa mguu. Kwenye jeraha walikuwa wamebandika jiwe jeusi, kile kipande cha mfupa uliochomwa ambacho wengi kule hukitunza kitambaani kwa ajili ya nyoka. Sharti lake ni moja: haliguswi. Likidondoka lenyewe, sumu imekwisha.

"Musiliguse," mumewe akatuonya. "Linafanya kazi."

Daktari alishapiga simu. Dawa ya sumu ya nyoka hatukuwa nayo, ilikuwa inakuja na gari kutoka Kibondo, na barabara ile naijua, gari haliwahi.

Ndugu walikizunguka kitanda, macho yote kifundoni. Jiwe likadondoka. Vigelegele! Mumewe akanipa mkono, nami kwa ujinga wangu nikaupokea, nikacheka nao. Ndipo nikashtuka kwamba mama hajasema neno. Yeye, anyamaze watu wakimshangilia?

"Amepumzika," dada yake akasema.

Nikamtazama usoni. Kope zilikuwa zimeshuka. Alikunja paji la uso na kuinua kidevu ili anichungulie, na mate yalimshinda kumeza. Uso ule nauona kila siku upasuaji unapomalizika, dawa ya kulegeza misuli ikiwa haijaisha mwilini.

Msuli haukazi wenyewe. Mshipa wa fahamu humwaga kemikali, na kemikali hiyo huenda kukaa kwenye vipokezi vilivyo juu ya chembe za msuli, tuseme ni viti. Kiti kikikaliwa, msuli unakaza. Protini ya sumu ya swila huja kukalia kiti hicho hicho, haifanyi kazi yoyote, na kuondoka haitaki, kama mgeni asiyealikwa aliyekalia kiti cha bwana harusi. Huanza na kope, huishia kwenye pumzi. Dawa yangu ya kulegeza nayo hukaa papo hapo, na ndiyo sababu kabatini nilikuwa na dawa ya kuamshia, neostigmini. Hiyo humzuia mfagiaji, yaani kimeng'enya kinachoiondoa kemikali ya mwili, ili kemikali ijazane na kugombea viti.

"Daktari, huyu kalegezwa kama wagonjwa wangu. Nimpe neostigmini?"

"Umewahi kuitumia kwa swila?"

"Sijawahi."

"Jaribu. Mfuko wa kupumulishia uwe karibu."

Nilitanguliza atropini ya kuulinda moyo, kisha nikasukuma ile nyingine polepole. Nikasali kwa dini zote mbili za ukoo wetu. Mumewe bado alikuwa ameshika jiwe lake, ananitazama mimi sasa.

Kope ya kushoto ikapanda. Ikafuata ya kulia. Akameza mate, akatuzungushia macho wote, akasema kwa sauti ya puani, "Maharage yangu mumeyaacha nje?"

Nililia na kucheka kwa pamoja, mbele ya daktari, wala sikuona haya. Nikawa narudia dozi kila kope ziliposhuka, mpaka alasiri gari lilipofika na dawa yenyewe.

Aliporudi nyumbani, ua ulijaa watu. Mumewe alisifia jiwe, nami nilinuna kama kawaida. Mama akanivuta mkono mbele ya wageni.

"Huyu analaza watu," akaanza, nao wakacheka, maana waliujua wimbo. Yeye hakucheka. Alinitazama kwa macho yake mawili, wazi kabisa.

"Mimi kaniamsha."